Kifaa cha kutunza kiwango cha maji ya bwawa la kuogelea: kipi kianze, kipi kiachwe

Kabla hujatoa hela, chukua ndoo. Ijaze maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa, na maji ya ndani ya ndoo yalingane na ya nje. Weka alama pande zote mbili, zima pampu, urudi baada ya saa 24. Yakipungua sawasawa, ni jua na upepo. Ya bwawani yakishuka zaidi, bwawa linavuja, na hela hiyo ni ya fundi.

Maji yanatakiwa yafike katikati ya mdomo wa skima, lile dirisha la ukutani linalovuta majani. Yakishuka chini ya hapo, skima inaanza kugugumia, na kwenye mfuniko wa kapu la pampu unaona mapovu yakizunguka. Hapo pampu inavuta hewa. Ikikauka kabisa, sili yake, ile pete inayozuia maji kuvuja, inaungua. Yakizidi, taka zinaelea tu bila kuvutwa.

Namba moja naipa turubai la kufunikia, ingawa halijazi hata tone. Bwawa la mita 8 kwa 4 likishuka sentimita 1, zimeondoka lita 320. Turubai linazuia sehemu kubwa ya maji yanayopotea kwa mvuke, na usiku upepo ukivuma ndipo utakapoiona faida yake. Ila turubai jepesi la mapovu halimzuii mtoto kuzama. Uzio ubaki palepale, na liondoe lote kabla mtu hajaingia majini.

La pili ni kijazio cha boya kinachokaa ukingoni. Kinafanya kazi kama boya la tangi la choo: maji yakishuka, boya linashuka, koki inafunguka. Hakihitaji umeme. Chagua chenye boya lililofichwa ndani ya kikasha, maana mawimbi ya waogeleaji hulichezesha lililo wazi na koki hufunguka bila sababu. Kwenye bomba lazima pawe na kizuia maji kurudi, la sivyo presha ikianguka, maji ya bwawa yanaweza kuvutwa hadi kwenye maji mnayokunywa. Usibane hela kwenye mpira wa maji pia. Wangu ulikuwa mwembamba, ukashinda juani umejaa presha, nikaukuta umepasuka kwenye kiungo na bustani imegeuka tope. Chokaa nayo hukwamisha boya, kwa hiyo liinue kwa kidole mara kwa mara uone kama koki inafunga.

La tatu, sensa, yaani kihisi cha kiwango cha maji, yenye valvu (koki) ya umeme. Ni sahihi sana, lakini ni ghali na inataka fundi. Ukinunua, hakikisha ina kikomo cha muda wa kujaza, ili sensa ikiharibika maji yasimwagike usiku kucha.

Mpira wenye saa ya kujifunga nauweka mwisho. Saa haioni maji. Mvua imenyesha, yenyewe inajaza tu.

Jambo moja kwa kila kijazio kinachojiendesha: kinaficha uvujaji. Bwawa linaonekana limejaa wiki nzima huku maji yakipotelea ardhini, na klorini inazimuliwa kila siku na maji mapya. Funga mita ndogo kwenye bomba lake, na andika namba yake siku ileile kila wiki.