Discourse kwa msimamizi wa jukwaa: namba za mabandiko zinavyotunzwa, na pale zinapokorofisha

Mtu akiandika "rejea bandiko namba 46", anaamini kwamba wote mnaosoma mnaliona bandiko lile lile, na kwamba hata mwakani litakuwa lile lile. Programu nyingi za majukwaa hazikuhakikishii hilo. Discourse, programu ya kuendeshea jukwaa la mtandaoni, inahakikisha, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuichagua, ingawa ina mambo mawili matatu yanayoudhi. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kila bandiko kwenye Discourse lina namba mbili. Moja ni kitambulisho cha jukwaa zima: bandiko likiingia linapewa namba inayofuata, liwe kwenye uzi wowote (yaani mada moja na majibu yake). Nyingine ni namba ya ndani ya uzi: mleta mada anachukua 1, wa kwanza kumjibu anachukua 2, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hii ya pili imeandikwa kabisa kwenye hifadhidata, katika safu iitwayo post_number. Haihesabiwi upya kila ukurasa unapofunguliwa. Utaiona mwishoni mwa kiungo. Kwa mfano /t/bei-ya-mbolea/812/46 ni bandiko la 46 katika uzi namba 812. Yale maneno ya katikati ni pambo tu; andika /t/812/46 na utafika.

Raha ya mpangilio huu inaonekana bandiko likifutwa. Likiondoka la 46, la 47 linabaki 47, na pengo linakaa palepale. Msimamizi bado analiona lililofutwa, limepakwa wekundu, na akilirejesha linarudi na namba yake. Mwandishi akifuta lake mwenyewe, kwanza panabaki maneno ya kueleza kwamba limefutwa na mwenyewe, kisha baada ya saa 24, kama hukugusa mipangilio, linatoweka.

Linganisha na XenForo, programu nyingine ya majukwaa, ambayo wasomaji wa JamiiForums wanaifahamu kwa sura: zile #1, #2, #3 kwenye kona ya juu ya kila bandiko. Namba ile ni nafasi ya bandiko miongoni mwa yanayoonekana. Msimamizi akifuta #12, iliyokuwa #13 inakuwa #12, na yote ya chini yanapanda. Kwa kawaida ukurasa unabeba mabandiko 20, kwa hiyo #21 lililofungua ukurasa wa pili linajikuta mkiani mwa ukurasa wa kwanza. Aliyeandika "soma upuuzi wa #40" sasa anamsingizia mtu mwingine kabisa. Dawa yake ni kunakili kiungo cha bandiko lenyewe, chenye post- na kitambulisho, badala ya kutaja namba kwa mdomo. phpBB, programu nyingine tena, haionyeshi namba, inahesabu tu: start=20 kwenye kiungo maana yake ruka 20 za mwanzo, na kwa kuwa ukurasa wake wa kawaida una mabandiko 10, hapo uko ukurasa wa tatu. Futa moja huko juu, na kiungo hicho hicho kitaanza na bandiko jingine. Tumia kile chenye p= na kitambulisho.

Jambo hili si geni. 2channel, jukwaa la Japani lililoanza mwaka 1999, lilihifadhi uzi kama faili la maandishi, mstari mmoja kwa kila bandiko, na namba ya bandiko ilikuwa namba ya mstari. Ndiyo maana bandiko lililofutwa liliachiwa mstari wenye neno la kuonyesha kwamba limefutwa. Kuung'oa mstari kungehamisha namba zote za chini na kuharibu kila rejea.

Sasa maudhi ya Discourse. La kwanza, namba imefichwa. Huioni juu ya bandiko mpaka ubonyeze tarehe yake au alama ya kushirikisha. Sikubaliani na uamuzi huo hata kidogo, maana faida yote niliyoieleza hapo juu inabaki siri ya wasimamizi. Kwenye msimbo wa ukurasa ipo: kila bandiko ni article yenye id ya mtindo wa post_46, kwa hiyo mwenye kujua CSS, lugha ya kupangia sura ya kurasa, anaweza kuitokeza kwa mistari michache kwenye mandhari ya jukwaa lake.

La pili ndilo linalochanganya watu zaidi. Kipimo cha pembeni, kile kinachosema 43 / 77 unaposhuka, hakisomi namba ya bandiko. Kinahesabu mabandiko unayoweza kuyaona wewe. Kama matatu yalifutwa kabla ya hapo, kipimo kitasema 43 na kiungo kitasema 46, na vyote viwili ni sahihi. Ukitaka kumwelekeza mtu, toa namba ya kwenye kiungo. Ya kipimo isahau.

Tena namba hazichukuliwi na watu peke yao. Uzi ukifungwa, ukifunguliwa au ukibandikwa juu, ule mstari mdogo wa taarifa ni bandiko kamili kwenye hifadhidata na unakula namba. Minong'ono ya wasimamizi, yaani mabandiko ambayo wanachama wa kawaida hawayaoni, pia inakula. Mwanachama mwenye jicho kali akiona viungo vinaruka kutoka 30 hadi 33 bila kitu katikati, anajua ama kuna kilichofutwa ama wakubwa wameteta.

Kuhamisha mabandiko ndiko kunakotaka uangalifu. Bandiko likienda uzi mwingine, kitambulisho chake hakibadiliki ila namba ya ndani inabadilika, hivyo kiungo cha /t/812/46 hakitafika tena kule. Kinachodumu ni /p/ ikifuatiwa na kitambulisho. Kukipata, kagua msimbo wa bandiko utafute data-post-id, au fungua /t/812/46.json usome id na post_number zikiwa pamoja. Bandiko la mleta mada halimo katika kanuni hii: lenyewe hunakiliwa, halihamishwi, na nakala inapata kitambulisho kipya.

Ukiunganisha nyuzi mbili, yanayohamia yanawekwa mwishoni hata kama ni ya zamani kuliko yaliyokuwepo. Matokeo yake ni jibu la Januari lililokaa chini ya jibu la Machi. Matoleo ya karibuni yana kisanduku cha kuyapanga kwa tarehe. Kiangalie kabla hujathibitisha. XenForo inapanga kwa tarehe moja kwa moja, na huko ajali ni ya aina nyingine: kama uzi ulioungwa una bandiko kongwe zaidi, mwandishi wake ndiye anayegeuka kuwa mleta mada, chini ya kichwa cha habari ambacho hakukiandika.

Mpangilio wa nyuzi kwenye orodha unafuata jibu la mwisho. Lakini kuhariri bandiko la mwisho nako kunaupandisha uzi, hata kama umerekebisha herufi moja. Msimamizi anaweza kuurudisha chini kwa kitufe cha kurejesha tarehe ya kupanda, kilichomo kwenye menyu ya zana za uzi. Na uzi ukifika mabandiko 10,000, mfumo unaufunga wenyewe na kuanzisha mwendelezo.

Wanaohamia kutoka programu nyingine wakague nyuzi ndefu mapema, kabla watu hawajaanza kuzitolea viungo. Namba zinagawiwa kwa mfuatano wa kuingizwa, kwa hiyo uzi uliowahi kuunganishwa kule ulikotoka unaweza kuingia ovyo. Chukua nakala rudufu kwanza. Kisha ingia kwenye seva, fungua /var/discourse, andika ./launcher enter app, halafu rake posts:reorder_posts[812], ukiweka namba ya uzi wako. Usiache mabano yakiwa tupu, maana bila namba ya uzi amri hiyo inapanga upya jukwaa zima.