Cheti cha kuzaliwa na NIN ya mtoto mchanga: uzoefu wangu hapa Uganda

Binti yetu amepata cheti cha kuzaliwa na namba yake ya utambulisho, NIN, kabla hajaota hata jino moja. Naandika kwa sababu huku kwetu Busia, upande wa Uganda, bado nasikia akina mama wakisema mambo hayo yangoje mpaka mtoto aanze shule. Jamani, msingoje. Huduma ni nafuu na inawezekana kabisa, ila yote yanasimama juu ya karatasi ya kwanza mnayopewa pale mnapojifungulia.

Karatasi hiyo ni taarifa ya kuzaliwa. Ina jina la mtoto, jinsia yake, tarehe na mahali alipozaliwa, na habari za baba na mama. Wengi wanaitunza wakidhani ndiyo cheti. Sicho. Cheti hutolewa na NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, na taarifa ile ndiyo inayoithibitishia kwamba mtoto kazaliwa na ni wa nani. Aliyejifungulia nyumbani huanzia gombolola, yaani ofisi ya serikali iliyo juu ya kijiji na parokia, na hapo ni vizuri mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, awe anawafahamu.

Sasa suala la jina. Sisi Waislamu wa hapa tunampa mtoto jina siku ya saba, siku ya akika, na nesi anataka jina kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama wa kitanda cha jirani aliondoka na karatasi iliyoandikwa "Mtoto wa" kisha jina lake yeye mwenyewe, kwa hiyo ilimbidi arudi baadaye na kichanga mgongoni ili jina lijazwe. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekubaliana jina tangu mimba ina miezi saba. Shangazi yake alipinga, akasema jina halitajwi kabla ya akika. Mume wangu akamjibu kwa adabu: "Shangazi, kwenye karatasi tunaliandika leo. Kwenye masikio ya watu tutalitaja siku ya saba." Akaridhika, na akika ikafanyika kama kawaida.

Nesi alipomaliza kuandika nilimwomba anipe nisome kabla hajagonga muhuri. Jina langu alikuwa ameandika Zuhura, jinsi alivyolisikia. Kwenye Ndaga Muntu yangu, kadi ya taifa, ni Zuhra. Nikamwekea kadi pembeni ya karatasi, akatazama, akaichana ile ya kwanza na kuandika nyingine bila kununa. Tofauti ni herufi moja tu, lakini hapa Uganda jambo hilo lina uzito wake: familia nyingi hazina jina moja la pamoja, mtoto anaweza kubeba jina la ukoo lisilofanana kabisa na la baba yake. Kinachomfunga mtoto na wazazi wake kwenye kumbukumbu za serikali ni majina yao yalivyo kwenye kadi, pamoja na NIN zao. Baba akiwa safarini, aache kopi ya kadi yake nyumbani.

Malipo ni haya: kusajili uzazi wenyewe ni bure, cheti ni shilingi 5,000 kwa Mganda. Unapata namba ya malipo, ile PRN, kisha unalipa benki au kwa simu. Risiti usiitupe. Nje ya ofisi nilikutana na kijana mmoja, broka, akanitaka 40,000 "ili mama usichoke na mtoto". Nilikuwa nimechoka kweli, jua kali, mtoto analia, foleni ndefu. Nilimkatalia, lakini iliniuma, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na binti mdogo mwenye mapacha ambaye alikuwa tayari anafungua pochi. Nilimwambia bei halisi kwa sauti, na wengine wakasikia. Pesa ile ni ya maziwa na sabuni ya watoto, na mtu anaichukua kwa kazi isiyo yake.

Foleni zimekuwa kubwa tangu Mei 2025, pale zoezi la kuandikisha watu na kubadilisha vitambulisho lilipoanza, maana kadi za kwanza za mwaka 2014 zilikuwa za miaka kumi. Ninawashauri wenye vichanga waunganishe safari: mtoto anapopelekwa chanjo ya wiki ya sita, pitieni na hili siku hiyo hiyo. Kadi ya chanjo nayo ichukueni, tarehe ya kuzaliwa imo mle.

Wapo watakaoniuliza kuhusu kujifungulia ng'ambo, maana mpaka wetu ni mwendo wa miguu. Ukijifungulia upande wa Kenya, uzazi unasajiliwa Kenya na cheti kinatoka kule. Uraia ni jambo jingine: Katiba yetu ya 1995 inamtambua kama raia kwa kuzaliwa mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni raia wa Uganda kwa kuzaliwa, hata akizaliwa nje. Kwa hiyo kile cheti cha Kenya kitunzeni vizuri, ndicho mtakachokuja nacho kumwandikisha huku.

Kadi yenyewe ya taifa mtoto haipati mpaka afikishe miaka 16. Kabla ya hapo anatambulika kwa cheti na NIN. Shule zinaiuliza hiyo NIN, na pasipoti ya mtoto haiombwi bila cheti chake na vitambulisho vya wazazi.

Ningepewa nyota tano za kugawa, ningetoa nne. Ile moja naibakiza kwa sababu ya foleni: mama aliyejifungua juzi hastahili kusimama mstari mmoja na mtu aliyekuja kubadilisha kadi. Dirisha moja la wenye vichanga na benchi kivulini vingetosha.

Kaka yake binti yetu ana miaka minne na hajawahi kuwa na cheti. Karatasi yake ya hospitali tumeipata ndani ya mfuko wa nguo zake za zamani, bado inasomeka, na Jumatatu baba yake anaipeleka.