Uzoefu wangu: duka la uchapaji mjini Kisumu lililokata pumzi kwenye kadi zangu

Kama una kazi uliyoitolea jasho, usiipeleke kwenye hilo duka. Jina silitaji, na wala sitaki mtu aniulize. Liko katikati ya mji wa Kisumu, na nimelitumia miaka mingi kwa mitihani na barua za shule bila tatizo. Ndiyo maana nimeumia hivi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitunga mchezo wa mezani, ile michezo ya watu wanne au watano kukaa pamoja, mmoja anasimulia, wengine wanakuwa wahusika, na dadu zinaamua. Kilichoninyima usingizi ni sehemu moja tu: matamko, yaani maneno ambayo mhusika akiyasema, jambo linatokea. Nilijifunza kwa Dungeons & Dragons, mchezo wa Marekani uliotoka 1974. Katika toleo la tano la mchezo huo, mlozi anayeanza ana nafasi mbili tu za matamko yake makubwa. Akishazitumia, hana budi kupumzika. Kanuni hiyo inafanya kazi, sikatai. Ila kwangu ilibaki hesabu ya nafasi, na neno lenyewe halikuwa na uzito wowote mdomoni. Nikajiuliza kwa nini nihangaike na nafasi wakati Kiswahili kina mnyambuliko.

Chukua shina moja, fung-. Kila tamko lina bei yake, nami bei hiyo naiita pumzi. Kufunga mlango kunagharimu pumzi 1. Fungia ni pumzi 2, kwa sababu sasa kuna mtu ndani. Fungisha ni 3: umemlazimisha mwingine afunge kwa mkono wake, umeichukua hiari yake, na hiari ya mtu haiwezi kuwa rahisi. Fungana ni 1 tu, lakini wewe na adui yako mmenaswa pamoja. Fungwa inakurudishia pumzi 2, maana umekubali kunaswa ili upate kuhema. Na fungua inadai kiasi kilekile alicholipa aliyefunga, hata kama hukukijua. Kila mchezaji anaanza na pumzi 12. Ili tamko lake litimie, anarusha dadu mbili, anatafuta jumla ya 7 au zaidi, na njia za kuipata ni 21 kati ya 36. Akirundika kauli mbili, mathalani fungishana, lengo linapanda hadi 9, na njia zinabaki 10. Niliyajaribu haya na wanafunzi wangu wa zamani kwa vipande vya daftari kabla sijathubutu kuchora kadi hata moja.

Kwa hiyo mnaelewa kwamba ile nambari ya pumzi, kwenye kiduara chini ya kadi, ndiyo mchezo wenyewe. Picha ni pambo. Ukiondoa pumzi, kila mtu atatamka fungisha mara ishirini na hadithi itakufa kabla chai haijapoa.

Nilipeleka kadi 72, kurasa 8 za A4, kadi 9 kila ukurasa. Nikalipa shilingi 2,400 kwa M-Pesa kabla ya kazi kuanza. Hilo nalo ni kosa langu, nalijua sasa.

Mama wa kaunta alifungua faili kutazama. Akakutana na kadi ya Zamisha. Nimechora juu yake bibi kizee amesimama kando ya maji, kwa kuwa huku kwetu nani asiyeijua hadithi ya Simbi Nyaima, lile ziwa karibu na Kendu Bay? Kijiji kilimnyima kizee mahali pa kulala, kikazama usiku huohuo. Wanafunzi wangu huisimulia bila kuombwa.

Akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Zamisha? Nani huyo atazamishwa?"

Nikamwambia, "Ni mchezo, mama. Wa kadi."

"Mwalimu, na wewe pia uko katika mambo haya? Na watoto wa watu wako mikononi mwako?"

Foleni ilikuwa na watu kama sita. Mbele yangu palikuwa na mzee aliyeshika picha ya marehemu, amekuja kuchapisha programu ya mazishi. Alinigeukia, akanitazama, kisha akaisogeza ile picha upande wa pili wa kifua chake, mbali nami. Nimejaribu kusahau mengine yote ya siku ile nikaweza. Hilo la picha bado.

Kisha mama yule akamwambia mwenzake neno moja kwa Kijaluo: jajuok. Mimi si Mjaluo, lakini nimeishi Kisumu vya kutosha kulijua neno hilo. Ni mchawi, ni mkimbiaji wa usiku. Alilitamka kama mtu anayeagiza soda.

Wako watakaosema nimelikuza jambo. Basi wakumbuke Kisii, hapo tu kusini kwetu, mwaka 2008, watu 11 walipochomwa moto hadi kufa kwa kushukiwa uchawi. Hawakuwa wametunga kadi. Walikuwa wametajwa tu. Sheria yetu ya uchawi, ya tangu 1925, humtia hatiani hata yule anayemtuhumu mwenzake ovyo badala ya kupeleka madai yake kwa wenye mamlaka. Na kwenye kadi zangu zote 72 hakuna neno uchawi. Nililikwepa kwa makusudi. Nimeandika tamko, nimeandika mtamkaji, kwa sababu najua ninaishi wapi.

Ningeondoka. Lakini pesa ilikuwa imeshaingia kwao, na kurasa zilikuwa zinatoka kwenye printa, na lazima niseme ukweli: zilikuwa nzuri mno. Buluu ya ziwa ilitoka kama nilivyoiona akilini, na kijani cha gugumaji kikiwa na ule ubichi wake. Karatasi ngumu, haipindi. Kwa rangi peke yake ningewapa nyota tano, na wakati ule nilikuwa tayari kumsamehe mama yule.

Kisha kijana wa mashine ya kukatia akapanga kurasa zote nane rundo moja. Mkono mmoja kwenye mpini, macho kwangu. "Mwalimu, kwani hii ni dini gani?" Nikafungua mdomo nimjibu, na kisu kikashuka. Nilikisikia kabla sijaona. Akageuza rundo, akakata tena, akageuza, akakata, akinisubiri nijibu.

Viduara vyote vilikuwa vimekatwa katikati. Shika kadi ya Fungia na kadi ya Fungisha uzilinganishe: nusu ya juu ya 2 na nusu ya juu ya 3 ni mkunjo uleule mmoja. Huwezi kuzitofautisha. Miezi ya kupima tofauti ya pumzi moja kati ya kumfungia mtu na kumlazimisha, na yote iko sakafuni ndani ya utepe wa karatasi wa milimita chache.

Mama wa kaunta hakuinuka hata kwenye kiti. "Kosa ni la faili yako." Hapa nitasema haki: viduara niliviweka karibu na ukingo, milimita 4, na mchapaji mzoefu angenishauri nivipandishe. Lakini sampuli waliyonionyesha kwanza ilikuwa sawa kabisa! Waliyochapisha baadaye ilikuwa imevutwa ijaze karatasi, kwa hiyo kila kadi ilikuwa imekua, na wao wakakata kwa kipimo cha zamani. Hilo nilielezwa na kijana mwenyewe. Alinifuata hadi chini barabarani, mikono ina vumbi la karatasi, akasema, "Pole sana mwalimu, nilikuwa nakuangalia wewe badala ya kazi." Akachukua namba yangu, akaahidi kunichapishia upya karatasi ikifika, kwa gharama yake. Kwa ajili yake nilitaka kufuta kila nilichokuwa nimepanga kuandika.

Halafu ikaja Jumamosi. Tulicheza kwa kadi zilezile nyumbani Migosi, kwa kuwa wenzangu walikuwa wamesubiri sana. Mmoja wao, nesi anayetoka zamu ya usiku na bado anakuja, mhusika wake alikuwa amebakiwa na pumzi 2 mbele ya kiboko pale Dunga. Akaweka Fungisha mezani, akasoma 2. Mimi najua ni 3, kwa sababu ni mimi niliyeitunga. Nikamwambia haitoshi. Akaishika kadi karibu na taa, akaigeuzageuza, akaniuliza kwa upole, "Imeandikwa wapi?" Sikuwa na pa kumwonyesha. Hasira yote ya siku ile ikarudi, safari hii na ya kumkasirikia kijana pia ndani yake.

Basi nyota moja. Nilikuwa nimeandika mbili, nimeirudisha moja. Nambari nimeziandika upya kwa kalamu ya wino juu ya kila kadi, na zinafutika kwa jasho la vidole.

Leo asubuhi kijana amenipigia. Karatasi imefika, na amenishauri nije saa za chakula, mama yule akiwa hayupo. Nimemshukuru. Nitakwenda saa nne, akiwa ameketi palepale kaunta, na faili nitaifungua mbele yake, kuanzia kadi ya Zamisha.