Saksafoni ya alto ya Kichina kutoka Kampala: sauti ipo, pedi ndo kasheshe

Wengi mnaniuliza kama hii saksafoni niliyonunua katikati ya mji inafaa, haya nasemea hapa. Kujifunzia inafaa, kupigia harusini bado kabisa.

Noti za kati zinalia vizuri, nene, hadi jirani kauliza kama kuna kanisa jipya limefunguliwa mtaani. Shida iko chini. Ukishuka hadi B-flati, noti ya chini kabisa, inakoroma tu ama inaruka oktava juu, yaani noti ileile ila nyembamba, na hapo usilaumu mapafu, ni pedi, zile duara zinazoziba matundu, moja ikivuja hata kidogo tu noti zote zilizo chini yake zinakufa. Fundi aliingiza taa ndogo ndani, akazima balbu ya chumba, mwanga ukachungulia pembeni ya pedi mbili, na hiki ni kitu kipya kabisa jamani, kimetoka dukani juzijuzi! Pedi ya G-shapu nayo asubuhi inanata, mpaka uisukume na kidole.

Kitu ninachopenda ni vidole. Oktava ya chini na ya juu ni vilevile, unaongeza kibonyezo kimoja tu cha dole gumba, klarineti haikupi raha hiyo. Na msidanganywe na mwili wa shaba, kinachotoa sauti ni ridi, kile kipande cha tete, ndo maana iko ukoo mmoja na klarineti na siyo tarumbeta. Adolphe Sax, Mbelgiji wa Dinant, aliisajili Paris mwaka 1846 akitaka kitu kinachosikika uwanjani kwenye bendi za jeshi, wanajeshi wa Ufaransa wakaichukua, ila yeye mwenyewe kesi na madeni vikamfilisi, maskini. Jina kubwa ilikuja kulipata Marekani kwenye jazi, kina Coleman Hawkins na Charlie Parker, na huku kwetu ukitaja saksafoni mzee yeyote atakutajia Moses Matovu wa Afrigo, bendi ya tangu 1975.

Begi sawa, zipu imeshaanza kugoma. Mdomo wa kupulizia uliokuja nayo weka kando, nunua mwingine, utashangaa sauti inavyobadilika. Ridi anza na namba mbili, zile laini kiasi.

Ukienda kununua nenda na mtu anayejua kupiga, ashuke taratibu hadi B-flati ya chini kabla hujatoa hela, na muuzaji akikataa isipulizwe we ondoka tu, maduka ni mengi.