Statini ama kolestiramini, na we unanyonyesha

Shoga zangu wa Lamu, statini kama atovastatini ni dawa za kushusha kolestro (mafuta ya damu), huzuia ini kuitengeneza, na mtoto aihitaji hiyo kolestro ajenge ubongo, ndo maana 2021 FDA, shirika la Marekani la kusimamia dawa, ilishauri anayemeza asinyonyeshe, ila wengi waweza kuisitisha mpaka mtoto aache ziwa. Kolestiramini nayo ni dawa nyingine ya kolestro, unga wa kukoroga na maji, haiingii kwenye damu, yashika nyongo tumboni yatoka nayo chooni basi, kwa hivyo haifiki kwenye maziwa, lakini choo chakuwa kigumu (na yakwaruza kama mchanga jamani!), halafu yaweza kumpunguzia mama vitamini A, D, E na K. Mie naona kolestiramini, ama kupumzika dawa tu. Uliyewahi kuugua moyo usisitishe kitu kabla ya daktari.