Uzoefu wangu: wodi ya njiti iliyompa baba kazi ya kufanya

Mtoto wetu alizaliwa njiti, yaani kabla ya wakati, wiki ya 30 ya mimba, kilo 1.3, akapelekwa moja kwa moja wodi ya watoto wachanga mahututi. Kuhusu vifaa sina neno: inkubeta, mashine ya kusukuma hewa puani, taa ya bluu ya kutibu manjano, vyote vilikuwepo na vinafanya kazi. Nataka kueleza wanavyowahudumia wazazi.

Mke wangu alikuwa ametoka upasuaji na hawezi kuinuka, kwa hiyo mzazi wa kwanza kuingia nilikuwa mimi. Nilidhani nitamchungulia kwenye kioo tu. Sista akanionyesha pa kunawa, mpaka viwikoni, akaniambia, "Baba, mwekee mkono, usimpapase." Njiti akipapaswa anasumbuka, ila kiganja kilichotulia kichwani na miguuni humtuliza. Papo hapo akanifundisha kusoma monita, ile mashine inayoonyesha hali ya mtoto. Kiwango cha oksijeni walikitaka kati ya asilimia 90 na 95. Kengele ikilia, mtazame mtoto kwanza, rangi yake na kifua chake, ndipo uangalie mashine, maana mara nyingi ni kile kifaa cha mguuni kimelegea tu. Maelezo yale mafupi yalinipunguzia hofu kuliko pole zote nilizopewa siku hiyo.

Kisha nikawa mbeba dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Mke wangu alikamua matone machache kitandani, mimi nikayapeleka wodini kwenye bomba la sindano, sista akampaka mtoto ndani ya mashavu, yaliyobaki yakapita kwenye mrija wa kulishia. Kila tone liliandikwa kwenye faili, sawa na dawa.

Matunzo ya kangaruu, yaani mtoto kukaa kifuani mwa mzazi ngozi kwa ngozi, hawakungoja mtoto apate nguvu. Daktari alitueleza kwamba utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa 2021, ulionyesha vifo vya njiti wadogo vinapungua kwa robo hivi wakiwekwa kifuani mapema, na kuanzia 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri akae hivyo kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama akiwa bado mgonjwa, baba anafaa. Nikavua shati, nikawekewa mtoto mwenye nepi na kofia tu, mirija yake yote ikiwa mahali pake, tukafungwa pamoja kwa kitambaa. Nilisikia pumzi zake za haraka haraka, halafu zikatulia.

Sasa lawama zangu, na moja ni nzito. Mama wa inkubeta ya jirani alipewa taarifa ya msiba palepale, katikati ya wodi, sote tukisikia. Wodi yenye mashine kama zile haikosi pa kuweka kiti na mlango wa kufunga. Mshauri nasaha yupo, na ni mzuri sana, lakini sisi tulimpata kwa kuomba. Na kila zamu ikibadilika tulipewa maelezo tofauti kuhusu kuongeza maziwa, mpaka tukaomba daktari mmoja awe ndiye wa kuzungumza nasi.

Naipendekeza wodi hii bila kusita. Ukilazwa na mtoto hapo, ulizia mshauri mapema, na kabla ya ruhusa omba mlale naye usiku mzima bila monita, sista akiwa karibu. Wanakubali, ila hawakuambii.