Seli ya nukta utatu ya maji: uzoefu wangu baada ya miezi kumi na minne

Mhasibu wetu alipoiona ankara alinifuata mwenyewe maabara, jambo ambalo si kawaida yake. "Kaka, hela yote hii ni ya chupa ya maji?" Sikuwa na jibu la haraka, maana kweli ni chupa ya maji. Ni bomba la kioo lenye urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole au kuzidi kidogo, lina maji safi ndani, hewa imetolewa yote, na juu limezibwa kwa moto lisifunguliwe tena. Katikati umeshuka mrija mwembamba ulio wazi kwa juu, wa kutumbukizia kipimajoto. Basi.

Niko maabara ya ugezi, yaani sayansi ya vipimo, hapa Dar es Salaam, upande wa halijoto. Kabla ya seli hii tulitegemea barafu iliyosagwa kwenye thamosi, tukaiita nyuzi 0. Kwa vipimajoto vya friji za chanjo inatosha sana, na kama kazi yako ni hiyo tu, weka hela yako mfukoni. Sisi tulipata kipimajoto cha platinamu cha omu 25, kinachojua joto kwa ukinzani wa umeme wa waya wake, na hapo barafu ya thamosi ikaumbuka: ina hewa iliyoyeyuka, ina uchafu, na kanieneo cha leo si cha kesho. Ndani ya seli kuna barafu, maji na mvuke wake tu, hakuna mgeni wa nne. Vitatu hivyo vikikaa pamoja kwa utulivu vinakubaliana mahali pamoja pekee, ndipo panapoitwa nukta utatu: nyuzi 0.01 za Selsiasi, kanieneo cha paskali 611.66 hivi. Iwe masika au kiangazi, Dar au Arusha, namba ni hiyohiyo.

Jaribio la kwanza ni la sikio. Unaiinamisha seli polepole, maji yanakimbilia upande mmoja na kugonga kioo: tak! Mlio mkavu, utadhani chuma kimegonga chuma. Kama kuna hewa ndani huusikii, kwa sababu hewa huyapokea maji kama godoro. Fanya taratibu lakini, kwani pigo hilohilo ukilizidisha linapasua kioo.

Kuigandisha ndiko kulikonitoa jasho. Seli ililala kwenye barafu usiku kucha. Asubuhi nikaukausha mrija wa kati, nikatia ethanoli kidogo, kisha nikaanza kushindilia barafu kavu (kabonidioksidi iliyogandishwa) iliyopondwa, kijiko baada ya kijiko. Barafu kavu ina nyuzi −78, lakini maji safi namna hii hayana haraka: yanapita chini ya sifuri yakiwa bado maji, unakodoa macho huoni kitu. Halafu ghafla sindano za barafu zinachipuka kuuzunguka mrija wote, kama kuku aliyetimua manyoya. Ukiendelea kuongeza barafu kavu, sindano zinaungana na kuwa koti, nami nililiacha hadi likawa nene kama kidole gumba.

Kosa langu lilikuwa kujaza barafu kavu kupita usawa wa maji. Juu pakaganda daraja, kutoka mrijani hadi kioo cha nje. Barafu hutanuka inapoganda, na daraja hilo ndilo linalovunja seli. Nilivikumbatisha pale juu viganja vyangu vyote viwili, huku moyo unanienda mbio, hadi likaachia.

Koti likishakuwa tayari, kazi haijaisha. Unachovya fimbo ya vuguvugu ndani ya mrija kwa sekunde chache ili barafu iliyoshikana na mrija iyeyuke, pabaki utando mwembamba wa maji. Utajuaje umefanikiwa? Zungusha seli ghafla kwa kifundo cha mkono. Mimi niliizungusha, kioo kikasimama, koti likaendelea kuzunguka peke yake ndani. Nilimwita mhasibu aje aone. Akaomba nirudie.

Usipime siku hiyohiyo. Barafu changa ina msongo ndani yake na husoma chini kidogo. Yangu ilitulia baada ya wiki nzima. Halafu mwanga: taa za darini zilikuwa zinapenya na kukipasha kipimajoto. Kitambaa tulichopewa na muuzaji hakikuzuia kitu, baibui kuukuu la shangazi ndilo lililofaa. Kumbuka pia kwamba uzito wa maji unashusha halijoto kwa milikelvini 0.73 kwa kila mita ya kina (milikelvini ni sehemu ya elfu ya kelvini, na hatua ya kelvini moja ni sawa na nyuzi moja ya Selsiasi). Kipimajoto changu kinakaa sentimita 26 chini ya uso wa maji, kwa hiyo natoa milikelvini 0.19. Ni kidogo mno, lakini seli yenyewe inaaminika hadi milikelvini 0.1, sasa utaachaje?

Barafu ya kutunzia seli msiichukulie poa. Mara moja mashine yetu iliharibika nikanunua kiroba cha barafu kule Feri, ileile ya samaki. Ilikuwa na chumvi. Chumvi huishusha barafu chini ya sifuri, na asubuhi nikakuta koti limenenepa hadi linakaribia kugusa kioo cha nje.

Muuzaji ananidai shukrani kwa ufungaji wa sanduku, ila cheti cha isotopu, kinachoonyesha maji yana atomi nzito na nyepesi kwa kiasi gani, nilikifuatilia kwa barua pepe miezi miwili. Si urembo huo. Tangu 2005 imewekwa wazi kwamba nukta hii ni ya maji yenye isotopu kama za maji ya bahari ya rejea, yale yaitwayo VSMOW. Maji mengine yanaweza kukupeleka kando kwa makumi ya mikrokelvini, yaani sehemu za milioni za kelvini. Dai cheti kabla ya kulipa.

Wapo wanaosema kifaa hiki kimepitwa na wakati, kwa kuwa tarehe 20 Mei 2019 kelvini, kipimo cha kimataifa cha halijoto, iliacha kutegemea maji ikahamia kwenye thabiti ya Boltzmann, namba isiyobadilika inayounganisha halijoto na nishati. Ni kweli, kuanzia 1954 hadi siku hiyo nukta hii, kelvini 273.16, ilikuwa ndiyo fasili yenyewe ya kelvini. Lakini skeli ya ITS-90, skeli ya kimataifa ya halijoto ya mwaka 1990 tunayofanyia kazi, bado inaanzia hapo: ukinzani wa platinamu kwenye joto lolote tunaugawa kwa ukinzani wake ndani ya seli hii.

Ningeinunua tena? Ndiyo, ila ningejibana nichukue ya kwatsi, kwani kioo cha kawaida huyeyukia majini kidogokidogo miaka ikipita na kuyachafua. Leo koti lililopo lina siku 41. Nimelizungusha asubuhi kabla ya chai, bado linazunguka.